Gololi Sita Chini ya Ovaroli

Wale mliocheka wiki iliyopita nilipopanda mizani nikiwa nimebeba chuma tumboni, chekeni mmalize sasa hivi. Huko mbele nitahitaji mtu wa kunihurumia, na sitaki anihurumie huku anajishika mbavu.

Kwa aliyefika leo, nitamsimulia harakaharaka. Wengine mnivumilie.

Naitwa Eustace. Natunza stoo ya vipuri kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu hapa Nyahanga, Kahama. Mke wangu Asteria ni mwalimu Nkome, kule mwaloni kwa wavuvi wa ziwani, mkoa wa Geita. Tuna miaka minne ya ndoa, na hiyo miaka yote tumeishi pamoja likizo tu. Binti yetu Skola ana miaka miwili na nusu. Krismasi iliyopita nilishuka kwenye basi na mwanasesere mkononi, mtoto akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Shikamoo anko."

Niliitikia marahaba. Ningefanya nini?

Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu hapa duniani, kuhamia Geita nikakae na watu wangu. Kampuni ilikuwa imefungua tawi kule. Nikaandika barua, nikaandika nyingine, kimya. Ndipo bosi wetu, Bwana Salmini, alipoleta mpango wa afya kazini. Kila mfanyakazi aandike lengo lake mwenyewe la afya, si la kupangiwa na mtu, alibandike kwenye ukuta wa kantini, apewe wiki kumi na mbili.

"Atakayetimiza lengo na kuwa mfano kwa wenzake," alisema Bwana Salmini, "huyo nitamhamishia Geita akauanzishe mpango huu kule."

Mimi nikaandika: Kupungua kilo kumi.

Sasa, karasha yetu, lile pipa kubwa la chuma linalozunguka na kusaga mawe, haisagi bila gololi. Ni matufe ya chuma, kila moja ukubwa wa chungwa na uzito wa kilo mbili. Zinatunzwa stoo. Stoo ninayo mimi. Siku ya kupimwa nilikuwa na kilo 100 zangu halali, nikajifunga gololi sita kwenye mkanda wa kitambaa chini ya ovaroli. Nesi Paskalia hakutuvua ovaroli, maana tulipimwa uwanjani, wanaume kwa wanawake. Nikapanda. Mizani ikasoma 112.

Lengo langu likaandikwa 102. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimelitimiza kabla sijashuka. Hapo ndipo tulipoachana.

Haya. Mtu aliyekwisha kutimiza lengo siku ya kwanza afanye nini wiki kumi na mbili zote? Mimi nilikula.

Si mbele za watu lakini. Kwenye mpango ule kila mmoja alipewa mwenzake wa kumtia moyo. Mimi nilipewa Mama Zuhra, mpishi wa kantini, ambaye lengo lake lilikuwa kutembea kwa miguu kila jioni mpaka sokoni ili presha imshuke. Niliposikia nimepewa mpishi nilifurahi moyoni. Mpishi tena!

"Shikamoo Mama Zuhra."

"Marahaba baba. Lete sahani."

Akaniwekea ugali wa kujaa kiganja cha Skola, mchicha mlima mzima, na dagaa wa kuchemsha wasiojua mafuta yanafananaje.

"Mama Zuhra, hii ni ya kuonja?"

"Ndiyo yenyewe hiyo. Nesi kaniambia una mafuta mpaka kwenye moyo. Hufi mkononi mwangu, mwanangu. Kaa ule."

Nilikaa nikala, nikashukuru, nikarudi stoo. Kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa nje ya geti kwa mama wa chapati. Chapati nne, supu ya kongoro, na pilipili pembeni. Jumamosi nyama choma. Jumapili baada ya misa nilikuwa na desturi ya kupita kwa jirani mmoja ambaye hapiki wali kidogo.

Kila Ijumaa ya pili tulipimwa. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: kila tukipimwa naacha gololi moja stoo, napungua kilo mbili bila jasho.

Mara ya kwanza nikaacha moja. Mizani ikasoma 110, kantini nzima ikapiga makofi, Mama Zuhra akapiga kigelegele. Mara ya pili nikaacha nyingine. Ikasoma 109.

"Moja si haba," alisema Nesi Paskalia.

Moja? Mimi nilikuwa nimetoa mbili!

Mara ya tatu, 108. Mara ya nne, nikiwa nimebakiwa na gololi mbili tu kiunoni, 108 ile ile.

"Nesi, mizani yako imekufa."

"Haijafa."

"Imekufa. Ipelekeni kwa fundi kabla haijatudhulumu watu."

Nesi Paskalia ni mtu wa maneno machache. Aliagiza mfuko wa saruji kutoka kwa mafundi waliokuwa wanajenga uzio, haujafunguliwa, kilo hamsini. Wakauweka juu ya mizani. Hamsini kamili. Foleni nzima ikageuka kunitazama, na mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba saruji haili chapati.

Nilirudi stoo, nikafunga mlango, nikavua mkanda, nikapanda kwenye mizani tunayopimia chokaa.

104.

Ndugu zangu, nilikuwa nimenenepa. Wakati wote ule nilipokuwa napigiwa makofi nilikuwa nanenepa.

Nilikaa juu ya kreti la beringi nikaona haya peke yangu. Mtoto wangu haniiti baba, njia ya kwenda kwake imewekwa mbele yangu, na mimi naila, chapati moja baada ya nyingine. Niliumia kweli. Mnadhani niliacha chapati siku ile? Nilikula zaidi, kwa mawazo.

Ijumaa ya tano nilikuwa na gololi moja tu ubavuni. Mizani ikasema 108, na sasa nilijua maana yake: mimi mwenyewe, bila chuma, nilikuwa na 106. Zimebaki wiki mbili. Zinatakiwa kilo nne, za kweli, za nyama yangu.

Nadhani uso wangu ulionesha. Mama Zuhra alikuwa amesimama pembeni, akanionea huruma.

"Usijali, mwanangu. Wiki mbili zipo," alisema, akanipiga kofi la mapenzi tumboni, upande wa kulia.

Kofi likatua juu ya gololi.

Aliurudisha mkono, akautazama, kisha akanitazama mimi. Akagusa tena, safari hii kwa vidole viwili, taratibu.

"Eustace."

"Naam, mama."

"Una nini hapa?"

"Tumbo tu, mama."

"Tumbo gani gumu hivi? Tena la duara." Sauti ikamshuka. "Yarabi. Mwanangu, una uvimbe."

Kusema "Si uvimbe, mama, ni gololi ya karasha" kungenichukua sekunde mbili. Nilikuwa nazo hizo sekunde. Nesi alikuwa hatua tano kutoka pale, na daftari lake mkononi.

"Ni wa siku nyingi, mama," nikasema. "Usimwambie mtu."

Naungama hapa mbele yenu kwamba huo ndio uongo mkubwa kuliko wote niliosema mwaka huu, na niliusema kwa kukosa la kusema.

Mama Zuhra hakumwambia mtu. Aliwaambia wote.

Kabla ya chakula cha mchana mzee Ngassa, mwendesha karasha, alikuwa mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Ng'wanawane," alisema, na kwa Kisukuma hivyo ndivyo mzee anavyomwita mwanawe. "Hiyo siyo ya hospitali. Hiyo umetupiwa. Kuna mtu anaitamani stoo yako. Twende Tinde, kuna mama anaitoa bila kisu."

"Asante baba. Nitafikiria."

"Usifikirie sana. Inakua hiyo."

Akatoka, akaingia Maulidi, fundi umeme, ambaye lengo lake lilikuwa kuacha sigara na tangu aziache alikuwa anatafuna kila kitu kinachotafunika. Aliniletea miwa. Alikuwa amekula nusu njiani, lakini nia ilikuwa njema. Wakristo wa zamu ya asubuhi walinisalia kantini, Waislamu wakaniombea dua msikitini. Katika miaka sita ya kazi sijawahi kupendwa namna ile, na nikiri kwamba kwa siku moja hivi nilijisikia vizuri.

Kisha nesi akaniita chumbani kwake.

"Panda kitandani nikuone."

"Nesi, nina daktari wangu mjini."

"Nani?"

"Ananitibu kimya kimya."

Akafunga daftari lake. "Sawa. Siwezi kukushika kwa nguvu. Lakini kwenye fomu ya mpango uliandika mtu wa kupigiwa ukiugua, na nimeshampigia."

Simu yangu ilikuwa inaita tayari mfukoni.

"Baba Skola!" Asteria alikuwa analia. "Kwa nini ulinificha?"

"Mama Skola, nisikilize. Hakuna uvimbe. Kilichotokea ni kwamba..."

"Usiseme. Usijichoshe."

"Sijichoshi! Nisikilize, kuna kitu nilivaa..."

"Subiri, nimeweka spika. Niko ofisini na walimu wote, na mwalimu mkuu yupo. Haya, sema, baba, wote tunakusikia. Tunakuombea."

Nikasikia kwaya ya walimu ikisema pole. Wengine walikuwa wanapenga kamasi.

"Nawashukuru sana," nikasema.

Kuanzia hapo sikuwa na mahali pa kujificha ila kwenye ule mpango wenyewe. Nikajiambia: Eustace, punguza hizo kilo nne kwa haki, timiza lengo, nenda Geita, na huo uvimbe utajifia njiani bila mtu kuuliza. Gololi ya mwisho nikairudisha kwenye rafu yake.

Niliacha bodaboda. Kila asubuhi nilitembea kutoka chumbani kwangu hadi mtamboni, na kurudi jioni. Niliacha chapati, na nilipopita pale getini mama wa chapati alikuwa anageuza uso kwa huzuni, kwa sababu na yeye alikwisha kusikia. Siku tatu za kwanza nilimchukia kila mtu. Siku ya nne nilipanda ngazi za karasha, ngazi thelathini na mbili, nikafika juu nikagundua kwamba nahema kama watu wengine tu. Nilisimama pale juu nikacheka mwenyewe. Mpango ule ulikuwa mzuri, ndugu zangu. Kibaya kilikuwa mimi.

Ila Mama Zuhra sasa. Yule yule aliyenipimia ugali wa kiganja ndiye aliyenigeuka.

"Mgonjwa lazima ale," alisema, akanitua mbele yangu bakuli la mtori, na supu, na maziwa mgando, na ndizi mbili za kuivisha.

"Mama, na lengo langu?"

"Lengo gani? Lengo sasa ni uhai. Kula nikuone."

Alikuwa ameacha hata kutembea kwake jioni ili abaki anichemshie mtori. Hilo lilinichoma kuliko yote. Nilipokea bakuli, nikasema naenda kulia stoo kwa utulivu, na kule nilimkuta Maulidi anasubiri na kijiko chake. Wiki mbili zile Maulidi hakugusa sigara hata moja. Hakuwa na nafasi mdomoni.

Ijumaa ya mwisho ikafika. Nilipanda mizani bila mkanda, bila gololi, mimi na ovaroli yangu iliyokuwa imeanza kunipwaya.

Nesi Paskalia akainama. Akasoma. Akasoma tena.

"102."

Niliruka. Mtu mzima mwenye mke na mtoto, niliruka juu ya mizani mpaka sindano ikachanganyikiwa. Nilitegemea makofi. Nilitazama foleni, hakuna aliyepiga. Wengine walikuwa wanatazama chini. Mzee Ngassa alikuwa anatikisa kichwa.

"Ona mashavu," nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake. "Ona yalivyoisha. Na kwa wiki mbili tu."

Bwana Salmini alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka sala ya Ijumaa, bado ana kanzu. Akanishika bega, akanivuta pembeni.

"Eustace, pole sana."

"Bosi, nimetimiza! 102! Lengo langu hilo!"

"Najua. Na kama si haya yaliyokukuta, ungekwenda wewe Geita. Lakini kupungua huku si kwa mpango, ndugu yangu, ni kwa maradhi. Nikikupeleka kule mbali na hospitali yako, ukanifia, nitamwambia nini Mungu? Nimempa Maulidi. Anaondoka leo na gari la kampuni."

Maulidi alikuwa anakula ndizi pale nyuma. Alikuwa ameongezeka, naona, kama kilo nne hivi.

Nikapiga hesabu kichwani. Nikisema sina uvimbe, wataniuliza Mama Zuhra aligusa nini, na nikitaja gololi, basi 112 ilikuwa uongo na kupungua kwangu kumi ni uongo, na mtunza stoo aliyetumia mali ya kampuni kuwahadaa watu hapelekwi Geita, anapelekwa nyumbani. Nikinyamaza, mimi ni mgonjwa. Kilo nne zangu za haki, zile nilizozitembelea kwa miguu, hazikuwa na pa kuandikwa.

Ndipo geti likafunguliwa, akaingia Asteria.

Alikuwa na Skola mgongoni, amelala, na begi la nguo kichwani, na macho yamemvimba. Akaniona. Akatua begi, akaja akanikumbatia mbele ya mtambo mzima, jambo ambalo Asteria hafanyi.

"Umekwisha," alisema kifuani kwangu. "Jamani, mume wangu umekwisha."

Kisha akatoa bahasha. "Lakini tutakuwa pamoja. Miaka miwili nimeomba uhamisho wa kumfuata mume, hakuna aliyenijibu. Safari hii nimesema mume anaumwa, siku tisa tu wamekubali. Nimepewa shule hapa hapa Kahama, hatua chache kutoka kwako. Kimebaki kitu kimoja, mtu wa afya ajaze hii fomu kwamba kweli unaumwa, nami niirudishe. Nasikia mna nesi."

Kila nilichokuwa nakitaka kilikuwa mkononi mwa mke wangu, ndani ya bahasha ya kaki, na kimesimama juu ya gololi.

Nikamshika mkono, nikampeleka stoo, nikafunga mlango. Nikashusha gololi kutoka kwenye rafu, nikamwekea mkononi. Mkono ukashuka kwa uzito.

"Nini hii?"

"Ndiyo uvimbe."

Nikamwambia yote, toka kilo 100 mpaka mtori wa Maulidi. Sikumficha hata chapati. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza, akaiweka gololi mezani polepole.

"Nimesimama kwenye basi kutoka Geita mpaka hapa na mtoto mgongoni."

"Najua, mama Skola."

"Hujui. Wanafunzi wa darasa la nne wamekuandikia barua za kukuaga. Ninazo kwenye begi. Na mimi, Eustace, mimi nilishachagua mpaka nyimbo."

"Nyimbo gani?"

"Za kanisani. Za siku yenyewe."

Nikajaribu kumshika bega, akaliondoa. Sijawahi kuogopa mtu mwenye kimo kile kama nilivyomwogopa mke wangu dakika ile.

"Nisamehe. Nilitaka tu tukae pamoja."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Zuhra, anasema bosi na nesi wanatusubiri ofisini kwa ile fomu ya mwalimu. Asteria akajifuta uso kwa upande wa kanga, akamweka Skola vizuri mgongoni.

"Twende," alisema, akatangulia.

Kutoka stoo mpaka ofisini ni hatua arobaini. Nilizitembea zote nikiwa nimeamua: mke wangu atasema, na kama hatasema, nitasema mimi. Nimechoka kuombewa dua.

Ndani, Bwana Salmini alikuwa nyuma ya meza. Mama Zuhra akasimama pembeni ya kabati, leso mdomoni. Nesi Paskalia alikuwa na kalamu.

"Mwalimu, karibu, na pole kwa safari," alisema nesi. "Nitajaza. Lakini siwezi kuandika kitu nisichokiona. Leo asiniambie habari za daktari wa mjini. Avue, nimguse."

"Nesi," nikaanza, "kabla hujanigusa, kuna jambo natakiwa kulisema mbele ya bosi. Huo uvimbe..."

Mkono wa Asteria uliingia ndani ya ovaroli yangu.

Uliingia haraka, ukatua ubavuni upande wa kulia, ukabonyeza. Akafumba macho.

"Upo," alisema Asteria. "Nausikia. Upo hapa, nesi."

Na kucha zake, ndugu zangu, zikanifinya nyama mpaka machozi yakanitoka.

"Ona anavyoumia!" Mama Zuhra akapiga yowe. "Si niliwaambia? Mimi niliugusa kwa mkono huu, mgumu kama chuma!"

"Anaumia hata ukigusa juu juu?" aliuliza nesi.

"Kama unavyomwona," alisema mke wangu. Vidole havikulegea. Nilimtazama usoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na chini ya machozi, pembeni ya mdomo, niliona kitu ambacho nilikuwa sijakiona tangu siku ya harusi yetu. Alikuwa anajizuia kucheka.

Nikaelewa. Hakuwa tayari kurudi Nkome.

Moyo ulinijaa, nawaambia kweli. Nilitaka kumkumbatia pale pale. Nikainamisha kichwa, nikashika tumbo kwa mikono miwili, nikatoa mlio mmoja mdogo wa maumivu, wa kutosha fomu.

Nesi Paskalia akaiweka kalamu chini.

"Basi hii sijazi."

"Kwa nini?" Asteria alishtuka.

"Uvimbe unaoshikika kwa mkono na unauma hivyo hausubiri makaratasi ya uhamisho. Bosi, gari la Geita lisiondoke. Huyu anakwenda hospitali ya rufaa Mwanza, leo hii, akapasuliwe. Ripoti ya daktari wa upasuaji ikirudi na kusema walichokitoa, nitaijaza fomu ya mwalimu siku hiyo hiyo. Bila ripoti, siwezi."

"Chukueni gari," alisema Bwana Salmini, amekwisha kunyanyua simu. "Maulidi atasubiri."

"Eustace, tangu sasa usile wala usinywe maji," nesi alisema. Akafungua droo, akatoa karatasi nyingine, ya njano, akaiweka mezani mbele yetu. "Hii ni ya rufaa. Hapa chini ndugu anaridhia mgonjwa apasuliwe. Nani anasaini?"

Nilimgeukia mke wangu. Nilimtazama kwa macho yote niliyonayo. Sasa basi, macho yangu yalimwambia, mchezo umeisha, sema.

Asteria aliitazama ile bahasha yake ya kaki. Akamtazama Skola begani kwake. Akanitazama mimi, hasa tumbo.

"Mimi ni mke wake," alisema. "Nipe kalamu."

Na akasaini jina lake lote, pole pole, kwa mwandiko ule ule mzuri wa ubaoni.